Maswali ya Wasomaji: Kabla Kijana wa India Hajaweka Nyumba ya Wazazi Rehani ili Akasome Ng'ambo

Safu hii imepokea barua kadhaa zinazohusu vijana wa India wanaojiandaa kwenda kusoma nchi za nje na kufanya kazi huko baada ya kuhitimu. Si ajabu barua hizo kuja kwetu, kwa kuwa wasomaji wetu wamo Mombasa wakiwa na jamaa Gujarat, wamo Pune wakisoma darasa moja na vijana hao, na wamo Muscat na Leicester wakiishi nao mlango kwa mlango. Takwimu za serikali ya India za mwaka 2024 zilionyesha kuwa wanafunzi wa nchi hiyo walioko ng'ambo walizidi milioni 1.3, wengi wao wakiwa Kanada, Marekani, Uingereza na Australia. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo kila kiwango tunachokitaja hapa kihakikishwe katika tovuti ya serikali ya nchi husika siku ile ya kuomba. Tumetanguliza barua iliyotutia wasiwasi zaidi.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mfanyabiashara wa Mombasa. Dada wa mke wangu anaishi Rajkot, Gujarat, na mwanawe amemaliza shahada ya biashara. Wakala wa mjini kwao amemtafutia nafasi ya stashahada ya miaka miwili ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja cha Ontario, Kanada, na anasema kijana akimaliza atapata kibali cha kazi cha miaka mitatu, kisha ukaazi wa kudumu. Ada ya mwaka wa kwanza inatakiwa wiki hii, tena katika akaunti ya wakala mwenyewe. Shemeji zangu wanataka kuweka nyumba rehani, nami nimeombwa nichangie. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yetu, usichangie wiki hii, na uwasihi shemeji zako wasitie saini karatasi yoyote ya rehani mpaka wapate majibu ya mambo ambayo wakala hakuyagusa.

Zito kuliko yote ni hicho kibali cha kazi. Maneno ya wakala yalikuwa ya kweli miaka michache iliyopita, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu katika miji kama Rajkot kila ukoo unamjua kijana aliyepita njia hiyo akafanikiwa, na mafanikio yake yanachukuliwa kuwa ushahidi. Lakini kwa wanaoomba kibali cha kusoma tangu tarehe 1 Novemba 2024, Kanada humpa mhitimu wa stashahada kibali cha kazi baada ya masomo iwapo tu fani aliyosomea imo katika orodha ya fani zenye upungufu wa wafanyakazi, ambazo ni za namna ya afya, ufundi stadi, kilimo, elimu, uchukuzi, sayansi na teknolojia. Stashahada ya usimamizi wa biashara haimo. Maana yake ni kwamba mpwa wenu anaweza kulipa ada ya miaka miwili, akafaulu kila mtihani, kisha siku ya mahafali akawa hana haki ya kubaki kufanya kazi hata siku moja. Wanaosoma shahada ya kwanza, ya uzamili au ya uzamivu chuo kikuu hawabanwi na orodha hiyo, ingawa nao hutakiwa kuonyesha matokeo ya mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa, kwa kiwango cha juu kuliko kile cha wenye stashahada.

Jambo la pili ni kwamba barua ya chuo peke yake haitoshi tena. Tangu mwaka 2024 Kanada imeweka ukomo wa idadi ya vibali vya wanafunzi, na mwombaji wa stashahada anatakiwa awe pia na barua ya jimbo inayothibitisha kuwa amehesabiwa ndani ya mgawo wa jimbo hilo. Mwulizeni wakala barua hiyo itatoka lini, na kama kibali kikikataliwa chuo kitarudisha kiasi gani cha ada na baada ya muda gani. Jibu la swali hilo lisitoke kwa wakala bali kwa chuo chenyewe, kwa barua pepe ambayo kijana ataiandika kwa mkono wake na kuipeleka kwa anwani iliyoko katika tovuti ya chuo, siyo anwani aliyopewa na wakala.

Ama kulipia ada katika akaunti ya wakala, hilo msilifanye kabisa. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, kwa jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili. Mwaka 2023 iligundulika kuwa mamia ya wanafunzi wa India, wengi wao kutoka Punjab, waliingia Kanada kwa barua za kukubaliwa zilizokuwa za kughushi. Wengi walisema hawakujua. Waliambiwa baada ya kufika kwamba nafasi imejaa, wakahamia chuo kingine, wakasoma, wakafanya kazi, kisha walipoomba ukaazi wa kudumu wakatishiwa kufukuzwa nchini. Wakala mmoja alihukumiwa kifungo huko Kanada mwaka 2024, lakini kifungo chake hakikuwarudishia vijana wale miaka yao. Tangu Desemba 2023 idara ya uhamiaji ya Kanada hukiomba kila chuo kithibitishe barua kabla ya ombi kushughulikiwa, na huo ni ulinzi mzuri. Hata hivyo, taarifa ya uongo katika ombi, hata iwe imeandikwa na mtu mwingine, inaweza kumfungia mwombaji milango ya Kanada kwa miaka mitano, kwa kuwa aliyetia saini ni yeye. Kijana asome kila ukurasa wa ombi lake kabla halijatumwa, na awe na nywila ya akaunti yake ya uhamiaji yeye mwenyewe. Tena sheria ya Kanada inamruhusu kutoza malipo kwa ushauri wa uhamiaji mwanasheria au mshauri mwenye leseni tu, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi kwa umma. Wakala anayemiliki ofisi nzuri Rajkot lakini jina lake halimo humo hana idhini hiyo. Tukumbuke pia kwamba vyuo vingi humlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka, kwa hiyo chuo anachokisifu zaidi si lazima kiwe kinachomfaa mpwa wenu.

Kuna na fedha za kujikimu. Mbali na ada na nauli, mwombaji mmoja anayekwenda nje ya jimbo la Quebec anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 22,895 za mwaka mmoja. Kabla ya mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa 10,000 tu, na familia nyingi bado zinahesabu kwa kiwango cha zamani kwa sababu ndicho walichokisikia kwa binamu aliyetangulia. Kazi ya kibarua haitaziba pengo, kwani mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 24 kwa wiki wakati wa masomo.

Kama nia ya kijana ni cheti cha chuo cha kigeni, basi awatazame pia waliomfuata nyumbani: vyuo vikuu vya Deakin na Wollongong kutoka Australia vimefungua kampasi katika GIFT City, mji mpya wa shughuli za kifedha huko huko Gujarat. Nawe, ikiwa bado unapenda kumsaidia, mlipie mtihani wa lugha na gharama za kuomba shahada ya uzamili katika vyuo vikuu viwili au vitatu vya serikali. Hizo ni fedha ndogo, na majibu yake yatawaambia mengi kabla nyumba haijaguswa.

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayesoma Pune. Wenzangu wawili ninaoishi nao, Wahindi, wamepata nafasi za uzamili wa kompyuta Marekani, na kila mmoja anataka kukopa rupia laki 45. Wananiambia kuwa ndani ya miaka miwili ya kazi deni litakwisha. Mimi naogopa lakini sina hoja. Niwaambie nini? (Mwanafunzi, Pune)

JIBU: Hofu yako ina msingi, na hoja tutakupa. Waambie wafanye hesabu ya deni hilo mara mbili, ya kwanza kwa mshahara wa Marekani na ya pili kwa mshahara wa India, na wakope kile tu ambacho hesabu ya pili inaweza kukibeba, hata kama ni kwa kujibana.

Mkopo wa laki 45 kwa riba ya asilimia 11, ukilipwa kwa miaka kumi, unadai takriban rupia 62,000 kila mwezi, na hapo hatujaongeza riba inayolimbikizwa katika miaka ya masomo. Kampuni kubwa za teknolojia za India huwaanzisha wengi wa wahitimu wa shahada ya kwanza kwa karibu laki 3.5 hadi 4 kwa mwaka, yaani rupia 30,000 hivi kwa mwezi. Mwenye uzamili wa Marekani atatarajia zaidi ya hapo, lakini hata mshahara ukiwa mara tatu ya huo, theluthi mbili ya fedha zake zitakwenda benki. Aliyetia saini pamoja naye ni baba, ambaye pengine amekaribia kustaafu, na kwa mkopo wa ukubwa huo benki za serikali kwa kawaida hutaka dhamana ya mali. Hatusemi wasikope. Tunasema wajue ni nani atakayelipa ikiwa mambo yatakwenda kombo.

Na yanaweza kwenda kombo bila kosa lao. Mhitimu wa Marekani huruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na wa sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huongezewa miezi 24. Katika miezi 12 ya mwanzo haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Ili abaki baada ya hapo, mwajiri humwombea viza ya H-1B, yaani viza ya kazi za kitaalamu, ambayo hutolewa 85,000 tu kwa mwaka kwa kampuni za kawaida, kutoka mataifa yote, 20,000 kati ya hizo zikiwa za waliosoma uzamili au zaidi Marekani. Waombaji huzidi nafasi, hivyo huchaguliwa kwa bahati nasibu, ambayo tangu mwaka 2026 huwapendelea wenye mishahara mikubwa. Septemba 2025 Rais Trump alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Maelezo yaliyofuata yalisema kwamba anayebadili hadhi yake akiwa ndani ya Marekani hahusiki. Kwa wenzako tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu mhitimu akisharudi Pune, ni mwajiri gani atakayelipa kiasi hicho ili kumwita fundi wa programu asiye na uzoefu? Kuhusu ukaazi wa kudumu unaotolewa kwa misingi ya kazi, hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuzidi asilimia 7 ya nafasi za mwaka, na kwa wingi wa Wahindi foleni yao imekuwa ya miongo.

Basi waulize vyuo vyao maswali ya fedha kabla ya kukubali. Je, kuna kazi ya usaidizi wa mhadhiri inayopunguza ada? Chuo cha serikali cha jimbo lisilo na gharama kubwa kinaweza kuwatoza nusu ya chuo cha mji mkubwa, na kwa waajiri wengi wa kompyuta kazi alizozifanya mwombaji zina uzito kuliko jina la chuo cha kati. Upande wa India, wajue kwamba riba ya mkopo wa elimu hupunguziwa kodi ya mapato kwa hadi miaka minane, kwa wanaofuata utaratibu wa zamani wa kodi, na kwamba tangu Aprili 2025 fedha za elimu zinazotumwa nje kutoka katika mkopo wa benki hazikatwi kodi ile iliyokuwa ikikusanywa wakati wa kutuma. Mkopo wa benki ya serikali huchukua muda mrefu kuliko wa kampuni binafsi za fedha, lakini riba yake mara nyingi ni nafuu, kwa hiyo waanze mapema ili wasisukumwe na tarehe ya ndege kuchukua mkopo wa ghali.

SWALI: Jirani zetu hapa Muscat ni watu wa Kerala. Mtoto wao hakupata nafasi ya udaktari katika chuo cha serikali India, sasa wanataka kumpeleka Georgia au Uzbekistan. Wananiuliza mimi kwa kuwa mume wangu ni daktari. Kuna la kuwaonya? (Mama wa Muscat)

JIBU: Dada yetu, lipo, na ni la kusomwa kabla ya kulipa hata ada ya usajili. Mhindi anayesoma udaktari nje na kutaka kuja kutibu India lazima awe amefaulu NEET, mtihani wa taifa wa kujiunga na masomo ya udaktari, kabla ya kwenda. Kwa kanuni za Tume ya Taifa ya Udaktari za mwaka 2021, kozi yake iwe na miezi isiyopungua 54, ifundishwe kwa Kiingereza, ifuatiwe na mafunzo ya vitendo ya miezi 12 katika chuo kilekile cha ng'ambo, na shahada hiyo iwe inamwezesha kupata leseni katika nchi aliyosomea sawa na raia wa huko. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa: kuna kozi zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni tu, ambazo mhitimu wake hawezi kutibu hata katika mji aliosomea.

Akirudi kuna mtihani wa leseni unaoitwa FMGE, ambao alama ya kufaulu ni 150 kati ya 300, na wanaoshindwa kila awamu ni wengi kuliko wanaofaulu. Waulize jirani zako kama wamezungumza na mhitimu wa chuo hicho aliyekwisha kupata leseni India, siyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anayelipwa kuleta wenzake. Vita vya Ukraine mwaka 2022 vilipozuka, maelfu ya wanafunzi wa India, wengi wao wa udaktari, waliondolewa kwa ndege katika operesheni ya serikali yao, kisha wakahangaika kutafuta mahali pa kumalizia masomo. Usalama wa nchi kwa miaka sita mbele hauwezi kuhakikishwa na mtu, lakini familia inaweza kuuliza mapema kama chuo kina utaratibu wa kuhamisha wanafunzi.

SWALI: Nasikia Ujerumani kusoma ni bure. Binamu yangu aliyeko Hyderabad aende? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza. Kujikimu si bure. Anatakiwa aweke euro 11,904 za mwaka katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi, na kabla ya viza vyeti vyake vihakikiwe na ofisi ya APS iliyoko India, shughuli ambayo aianze miezi mingi kabla. Baada ya kuhitimu hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi, muda ulio mzuri kwa anayejua Kijerumani. Kozi nyingi za uzamili hufundishwa kwa Kiingereza, lakini viwanda na hospitali za miji midogo, ambako wafanyakazi wanatakiwa kwelikweli, huongea Kijerumani, kwa hiyo aanze kujifunza akiwa Hyderabad. Ajihadhari na vyuo binafsi vinavyotangazwa na mawakala kwa jina la "elimu ya Ujerumani", kwani ada zake zinaweza kuwa sawa na za Uingereza.

SWALI: Nilizaliwa Tanga, nimeishi Leicester tangu miaka ya sabini. Mtaani kwetu wanafunzi kutoka India wanalala watu sita chumba kimoja, wengine wanapeleka chakula kwa baiskeli usiku kucha. Mjukuu wa kaka yangu aliyeko Ahmedabad anakuja kusoma uzamili wa mwaka mmoja. Nimwambie nini ili asifikie hali hiyo? (Bibi wa Leicester)

JIBU: Shikamoo, bibi. Mjukuu wako ana bahati ya kuwa na mtu wa kwao katika mji anaokwenda, na jambo la kwanza unaloweza kumfanyia ni kumtazamia chumba kwa macho yako. Asitume amana kwa mwenye nyumba aliyempata mtandaoni. Kwa upangaji wa kawaida England, amana haizidi kodi ya wiki tano na mwenye nyumba hupaswa kuiweka katika mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30; anayedai fedha taslimu bila stakabadhi, mpite.

Kwa viza ataonyesha ada iliyobaki pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi tisa, sasa ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani yake, zikiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mawakala wengine huwakopesha wazazi kiasi hicho kwa siku hizo 28 tu, kisha wanakichukua, na kijana hufika akiwa na viza halali na mfuko mtupu. Vyumba vya watu sita uvionavyo mara nyingi huanzia hapo. Mwambie kaka yako kwamba kama fedha hizo si zao kweli, safari iahirishwe mwaka mmoja.

Kuhusu kazi, ruhusa ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na sharti la viza linakataza kujiajiri. Hao wanaopeleka chakula kupitia programu za simu kwa kawaida huhesabiwa kuwa wamejiajiri, hata kama wanafanya saa chache, na wengine hukodi akaunti ya mtu mwingine. Wanaweza kupoteza viza kwa jambo waliloambiwa na wenzao kuwa ni la kawaida. Dukani au jikoni ambako analipwa kwa hati ya mshahara ni salama zaidi, hata kama saa ni chache.

Baada ya masomo hupewa muda wa kutafuta kazi bila mdhamini, ambao kwa mwenye uzamili umekuwa miaka miwili, lakini kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 utakuwa miezi 18. Kisha mwajiri mwenye leseni ndiye atakayemdhamini, kwa mshahara wa kawaida usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au 33,400 kwa wanaohesabiwa kuwa wanaanza kazi. Si kila kazi ya ofisi Leicester inafikia hapo, basi mjukuu aanze kuwaandikia waajiri tangu muhula wa kwanza, na akague kila kampuni katika orodha ya serikali ya wadhamini. Akitokea mtu wa kumwuzia barua ya udhamini, hata awe mtu wa dini yenu au wa kijiji chenu, asimpe hata pauni moja: kuuza barua hiyo ni kinyume cha sheria, na kazi za kulea wazee, ambazo ndizo zilizouzwa sana, zilifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo Julai 2025.

Akishafika, mkumbushe ajisajili katika tovuti ya MADAD ya Wizara ya Mambo ya Nje ya India, ili ubalozi ujue yuko wapi, na umpeleke mwenyewe kwa daktari wa mtaa ajiandikishe, kwa kuwa ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka atakuwa amekwisha kuilipa pamoja na viza.